Picha Isiyosubiri Hodi

Pantoni ya Pangani ilikuwa ikishusha watu, mbuzi na pikipiki kwa mpigo mmoja, ndipo sanduku la chuma lilipomwangukia mguuni Badru, mgane mwenye genge la chai kivukoni.

"Umenivunja kidole, bibie!"

"Pole, kaka. Kidole kitapona. Sanduku likivunjika, sina kazi."

Alikuwa Zuwena wa mtaa wa Mabawa, baibui jeusi, mtandio wa zambarau, fundi wa mitambo inayorusha picha kwa mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana kwa jicho. Mtambo wa kurusha ulifungwa ng'ambo, Bweni. Wa kupokea uliwekwa gengeni kwa Badru, maana wakubwa wa mradi wa mitambo hiyo, na viyoyozi vyao, hawakujenga hata kibanda. Chai ikazaa simu, simu zikazaa mapenzi.

"Umekula, roho yangu?"

"Nile nini, na wewe uko ng'ambo?"

Badru akatafuta mshenga wa kwenda kumposea Zuwena kwao Mabawa Ijumaa. Alhamisi, Zuwena akapiga.

"Washa mtambo, nakurushia sura yangu."

Badru alikuwa akimimina chai, akachelewa kuwasha. Picha ikatokea karatasini: Zuwena na Daniel, bosi wake, shavu kwa shavu! Akazima mtambo, akazima simu, akamzuia mshenga.

"Hata kibanda wakubwa hawa wametunyima," alifoka, "sasa na wanawake wanatunyang'anya!"

Alasiri Zuwena akashuka pantoni, mtandio umemteleza begani.

"Badru, unanizimia simu?"

"Kamuulize Daniel wako!"

Akamwonyesha picha. Zuwena akaikodolea macho, kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Uliwasha saa ile ile nilipokwambia?"

"Nilichelewa kidogo. Wateja."

"Basi hizo picha mbili! Nilitanguliza ya Daniel kujaribia, yangu ikafuata. Mtazame, nyuma yake ukuta wa ofisi. Nyuma yangu minazi. Kila picha hutanguliwa na mmweko wake, ndiyo hodi yenyewe, ili mitambo ianze pamoja. Wako uliamka katikati, ukaunga nusu yake na nusu yangu. Umeingia bila kusubiri hodi, mwanamume, ukakuta mambo!"

Badru akainamisha kichwa. "Nisamehe, mpenzi."

"Washa sasa hivi, usiuguse."

Akavuka tena. Mtambo ukangoja, ukamweka, na picha ikajichora taratibu: Zuwena peke yake, mzima, anacheka, kiganja chenye hina kifuani. Simu ikalia.

"Umeniona?"

"Mzima mzima, alhamdulillahi. Nakwenda kwa mshenga, kesho aje kwenu."

"Mwambie apige hodi, na asubiri kuitikiwa. Mama yangu hana mchezo."