Mke wa Kampeni

Nilikuwa nimekaa benchi la akina mama, mwanangu Coleta amelala mapajani, nikamsikia padre akisoma jina la mume wangu.

"Raymond, wa kigango hiki, anatarajia kufunga ndoa na Herieth, binti wa Mzee Eustace. Tangazo la kwanza. Mwenye kujua kizuizi chochote aje amwone Paroko."

Mimi naitwa Limbu, siyo Herieth!

Benchi zima likanigeukia. Herieth mwenyewe alikuwa na kwaya, akainamisha kichwa. Mume wangu alikuwa upande wa wanaume, suti ya kijivu, anatazama mbele.

Najua mnasubiri niseme nilipiga yowe, nikavua kiatu, nikamfuata. Hapana wadau. Nilimfunika Coleta kanga vizuri, maana baridi ya Ufipa mwezi wa saba haina masihara, halafu nikasimama na wenzangu kupokea baraka ya mwisho.

Sikusikia kitu. Mwili ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unaugusa unauona ni wako lakini hauna habari na wewe.

Niwaeleze kidogo ili twende pamoja. Mwaka ni 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi. Kijiji chetu kiko juu ya uwanda, siyo mbali sana na Sumbawanga mjini, jina nalificha kwa sababu zangu. Kwetu mimi ni Mtowisa, kule bondeni kwenye joto. Baba yangu, Mzee Nyanda, alihamia pale na ng'ombe wake kutoka Usukumani nikiwa mdogo. Raymond alikuwa Mfipa, Mkatoliki, ananunua mpunga bondeni anauza mjini. Akanipenda. Mahari ikatoka, ngoma ikachezwa, kimila nikawa mke halali kabisa.

Kanisani ndiyo hatukuwahi kufunga. Mimi nimebatizwa kwa Waprotestanti, yeye kila mwaka anasema tutafunga mwakani. Hata hivyo kila Jumapili nilikwenda naye misani, na Coleta alibatizwa palepale. Mwaka huo wa uchaguzi alikuwa na miaka minne.

Mwaka ule Raymond akachukua fomu ya udiwani.

Tulipofika nyumbani nikaweka maji ya ugali jikoni. Nikamuuliza nikiwa nimempa mgongo.

"Baba Coleta, nimesikia vizuri kule kanisani?"

"Umesikia."

"Herieth?"

"Haya ni mambo ya siasa, Mama Coleta. Wazee wamekaa. Wamesema mtu anayeishi na mwanamke bila ndoa hawawezi kumpa kura. Huku bila kanisa hushindi hata uenyekiti wa kitongoji."

"Si ufunge na mimi?"

Akacheka kidogo. Siyo kwa ubaya, ndiyo ilivyoniuma baadaye. Alicheka kama mtu aliyeulizwa swali na mtoto.

"Ng'ombe za ndugu zako zimewalia watu mahindi, halafu nisimame jukwaani na Msukuma pembeni niombe kura?"

"Kwa hiyo mimi naenda wapi?"

"Kwa baba yako. Coleta anabaki. Mahari nilitoa, mtoto ni wangu."

Hapo ndipo nilipoamka. Mume aende, nyumba iende, sawa. Coleta? Hapana!

Kesho yake asubuhi nikaenda parokiani. Padre Mathias alikuwa mgeni, amehamia juzi tu, alisoma alichopewa na wazee wa kigango. Nilimkuta anamwagilia kabichi zake.

"Shikamoo Padre."

"Marahaba. Una shida gani, mama?"

"Jana ulisema mwenye kujua kizuizi aje."

"Ndiyo."

"Kizuizi ni mimi."

Akaweka ndoo chini. Nikamweleza yote. Hakunikatisha hata mara moja. Mwishoni akauliza swali moja tu.

"Mzee Eustace alijua haya?"

"Padre, Mzee Eustace alikula pilau ya harusi yangu kule Mtowisa."

Jumapili iliyofuata tangazo halikusomwa. Badala yake Padre Mathias akasema mimbarini, bila kutaja jina, kwamba hatamfungisha ndoa mtu aliyemtupa mama wa mtoto wake ili apate cheo. Kila mtu alijua ni nani. Mzee Eustace akamwondoa binti yake kwenye mpango huo siku hiyohiyo.

Nikajua nimeshinda. Kumbe!

Nilirudi nyumbani nikakuta nguo zangu zimefungwa kwenye shuka, zimewekwa nje. Coleta ameshapelekwa kwa bibi yake. Mlango umefungwa. Jirani anachungulia.

Nikabeba shuka langu, nikapanda lori la kuteremka bondeni.

Kule Mtowisa nilikaa wiki nyingi. Nilikuwa nalima, nakula, nalala. Mama akiniambia nioge naoga. Watu walisema Limbu amepoa. Nilikuwa sijapoa, nilikuwa sipo.

Halafu siku moja pikapu ikasimama kwenye boma la baba, bendera ya chama inapepea mbele. Akashuka Raymond. Akashuka Ignasi, mpambe wake wa kampeni, mtu wa maneno mengi. Na nyuma yao akashuka Coleta, gauni jipya!

Akanikimbilia. Nikamshika. Sikumbuki nilisema nini.

Ignasi ndiye aliyeongea na baba.

"Mzee wetu, shikamoo. Tumekuja kwa unyenyekevu. Kijana amekosa, amekiri kwa Padre. Anataka kufunga ndoa na mkewe, ndoa ya mseto, ruhusa ya Askofu imeshapatikana. Na tena mzee, kata yetu sasa ina vitongoji vya wafugaji. Wenzenu wamejiandikisha kupiga kura. Hii ndoa itawaunganisha Wafipa na Wasukuma!"

Mnaona? Herieth alikuwa wa kuwapata Wafipa. Herieth alipokosekana, mtu akapiga hesabu upya na mimi nikaonekana nina faida.

Baba akanivuta pembeni, karibu na zizi.

"Mwanangu, unamtaka huyu mwanaume?"

"Namtaka Coleta."

"Sikukuuliza hilo."

"Baba, mtoto ni wao kwa mahari, wataondoka naye. Nitampataje?"

Akawatazama ng'ombe wake. Nikapanda pikapu.

Harusi ikapangwa Jumamosi ya mwisho kabla ya kura. Shela niliazimwa. Asubuhi nikavalishwa, nikapakwa poda, nikaambiwa tunaelekea kanisani.

Hatukuelekea kanisani! Tulizunguka kwanza kijiji hadi kijiji, mimi na Raymond tumesimama nyuma ya pikapu, spika mbili juu, Ignasi ameshika kipaza sauti.

"Mgombea wenu na mke wake! Ndoa takatifu! Mtu wa familia, mtu wa Mungu! Wafugaji, huyu ni shemeji yenu!"

Vumbi likanijaa kwenye shela.

"Punga mkono, Limbu," Raymond akaninong'oneza.

Nikapunga.

"Tabasamu basi."

Nikatabasamu.

Kwenye kitongoji cha wafugaji wanawake wa kwetu walipiga vigelegele, wakanitaja kwa jina la ukoo. Nilitamani nione aibu. Haikuja. Nilikuwa najitazama kwa mbali, yule bibi harusi mweupe wa vumbi, namwonea huruma kidogo kama ninavyomwonea mtu baki.

Kanisani kulikuwa kumejaa mpaka nje. Padre Mathias alisimama mlangoni anazuia watu.

"Kofia za chama nje! Humu ni nyumba ya Mungu."

Wakazivua, wakazirundika kwenye ukuta. Kanga za chama walibaki nazo, angewavuaje?

Coleta alikaa mbele na bibi yake, ameshika ua.

Misa ikaenda. Tukaitwa mbele ya altare. Padre akatuuliza, kama anavyowauliza wote.

"Raymond na Limbu, mmekuja hapa kufunga ndoa kwa hiari yenu, bila kushurutishwa?"

"Ndiyo, tumekuja!" Raymond akajibu kwa sauti ya mkutano wa hadhara.

Padre akanitazama mimi. Alisubiri.

Jamani, nilikuwa nimejiandaa kusema ndiyo. Naapa. Lakini lile swali lilikuwa swali la kwanza mtu kuniuliza mimi mwenyewe tangu lile tangazo, ukiacha baba yangu kule zizini. Na baba sikumjibu.

"Hapana, Padre."

"Umesema?"

"Sikuja kwa hiari. Nimemfuata mtoto wangu."

Padre Mathias akafunga kitabu.

"Basi hapa hakuna ndoa. Tusali."

Hawakusali. Kanisa lililipuka! Bibi yake Coleta anapiga kelele, Ignasi ananiita mchawi, wengine wanacheka. Nikageuka kumchukua mwanangu.

Raymond alikuwa ameshamnyanyua.

Akatoka naye mpaka nje kwenye ngazi, mbele ya watu wote, akampandisha juu mabegani. Coleta analia, ua lake bado mkononi.

"Mmeona wenyewe, ndugu zangu!" Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na mpaka leo sijui kama ilitetemeka kweli. "Nilimsamehe, nikamleta mbele ya Mungu, amenikataa! Mwanangu hana mama!"

Wanawake wakaanza kulia. Wanawake walewale waliokaa na mimi benchi moja. Wakasimama kati yangu na ngazi, wala sikuweza kupita.

Alishinda, wadau.

Alishinda kwa kishindo! Habari zilitufikia Mtowisa na lori la mpunga. Wafipa walimpa kura za huruma, mwanamume mcha Mungu aliyedhalilishwa na Msukuma. Wafugaji nao wengi walimpa, kwa kuona aibu ya binti yao. Nilimpa udiwani kwa neno moja, bila hata kupanda jukwaani.

Na Coleta akabaki naye. Wazee walikaa, wakasema mahari ilitoka. Alilelewa na bibi yake, akiambiwa mama yake alimkataa kanisani. Kila uchaguzi baba yake alisimama naye mbele, mtoto yatima wa mama aliye hai. Mimi niliolewa tena, nikazaa wengine, mume huyo amefariki. Maisha yalienda. Sikuwahi kulia, na wanangu wananisema nina moyo mgumu.

Juzi simu ikaita, namba ngeni.

"Shikamoo mama. Ni Coleta."

Nikakaa chini.

"Marahaba mwanangu."

"Mama, nimechukua fomu. Baba amezeeka, chama kimeniomba nigombee. Jumapili natambulishwa kanisani, na watu wanauliza mama yangu yuko wapi. Nakuomba uje ukae na mimi benchi la mbele."

"Na kama kusingekuwa na uchaguzi, Coleta?"

"Mama, usianze."

Funzo langu ni hili, mlipende au mlichukie. Mgombea akija kanisani kwenu na familia yake imepangwa vizuri, mnyimeni makofi kwanza. Muulizeni mkewe, waulizeni watoto, kila mmoja peke yake, kama wamekuja kwa kupenda. Mimi niliulizwa na watu wawili tu katika sakata lile zima, na kanisa zima lilinihukumu kwa jibu langu.

Mtaniuliza nilimjibu nini mwanangu.

Nilimwambia nitakuja. Nimeshaazima gauni. Najua ananiitia kura, siyo mjinga. Lakini alikulia mikononi mwa baba yake, na hiyo ndiyo njia pekee aliyofundishwa ya kumwita mtu aje nyumbani.