Aksanti, Usikimbilie Mchangani

Dative hakai kitini. Tangu binti yake Aksanti aende Alaska kufanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, yeye akirudi kutoka kazini ghalani anazunguka tu jikoni, mboga zinaungua. Louisville ya Marekani, anakoishi, haina bahari, lakini anaiwaza bahari kutwa.

Jumapili alimpigia simu.

"Nasikia huko udongo inatetemeka sana," alisema. "Ikianza, utoke mbio! Ukimbilie mchangani, pembeni ya maji. Pale hakuna ukuta wa kukuangukia."

"Sawa, maman."

Dative alijifunza hayo Bukavu, kwao Kongo. Tetemeko la mwaka 2008 lilibomoa ukuta wa nyumba yake, akalala nje wiki nzima.

Jioni ile akaingia kwenye maombi ya simu. Watu wa Louisville, Columbus na Buffalo huomba pamoja kwa laini moja. Dative akamwomba Mungu ampe Aksanti mbio za kufika mchangani.

"Amina!" akaitikia Goreth wa Columbus.

Leopoldi wa Buffalo akadakia. Yeye alikata samaki Alaska misimu mitatu.

"Maman Dative, unisamehe nakatiza maombi. Mchangani hapana! Pale ndio kifo iko."

"Nyumba ndio inaua, Leopoldi!"

"Bukavu, ndiyo. Bon, sikia. Chini ya bahari ile kuna makorongo marefu, kuta zake zimesimama wima. Mito inaleta tope na mchanga, vinarundikana ukingoni miaka na miaka. Ardhi ikitetemeka, rundo linaporomoka, kama milima ya kwetu wakati wa mvua."

"Ndani ya maji?"

"Ndani ya maji. Wewe huoni kitu. Lakini linasukuma bahari, na wimbi linafika kwa dakika chache. Pengine king'ora hakijalia."

"Sasa mtoto afanye nini?" akauliza Goreth.

"Akiwa ndani, aingie chini ya meza, aishike. Ikitulia, apande mlima palepale, kwa miguu. Asingoje king'ora. Asiende kutazama bahari. Na asishuke mpaka wakubwa wa mji waseme ni salama."

"Mungu wangu! Nimemtuma mchangani kwa mdomo wangu!"

Dative akakata simu, akampigia Aksanti. Iliita bure. Kazini simu hufungiwa kabatini. Akapiga tena, akatoka barazani, akarudi, akapiga. Aksanti alimpigia asubuhi.

"Nilikudanganya, mtoto wangu. Si mchangani. Mlimani!"

"Okee, maman."

"Hapana okee! Donc, leo hii upande huo mlima, uniambie ni dakika ngapi."

Aksanti alicheka, lakini alipanda. Dakika kumi na mbili mpaka juu kabisa.

Wiki ya sita ya Aksanti huko, televisheni ikatangaza tetemeko Alaska. Dative alipiga simu, haikupita. Akafagia jikoni, akafagia tena palepale. Baada ya saa tatu simu ikalia.

"Maman, niko juu mlimani. Tulipanda wote, mimi mbele."

"Na bahari?"

"Ule mchanga haupo tena, maman. Umeporomokea wote ndani ya maji. Wimbi likaja, likachukua na gati."

"Asante, Mungu," Dative alisema. Alivuta kiti, akakaa.