Ndoo ya Chambo Katika Wadi

Maji ya wadi, bonde la mto wa msimu katika nchi ya Waarabu, yalianza kugeuka rangi, na Harub, badala ya kukimbilia ukingoni kwa mkewe, akarudi katikati kuchukua ndoo ya visamaki.

"Baba Balqis! Viache hivyo!" Mahfoudha alipiga kelele.

"Sasa hivi nnakuja! Vitakufa!"

Haya, mwambie kitu mvuvi mwenye chambo hai! Asubuhi wametoka kwao Ghubra, wamepanda hadi vidimbwi vya juu ya kijiji cha Yiti, wamekinga visamaki kwa kipande cha chandarua, vidogo kama kidole cha mtoto, ili washuke navyo wadi inapokutana na bahari, wamtafute kolekole. Harub alivitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Ndoo aliizamisha hadi shingoni penye mkondo, akaibana kwa mawe, visipate joto. Juu yao jua kali, hata wingu hakuna. Mvua ilinyesha huko milimani, wao hawana habari.

Mafuriko yakashuka kwa kishindo, yakibeba mawe na matawi. Harub aliteleza, ndoo ikachukuliwa na maji, jiwe likamgonga mguu, ukavunjika juu ya kifundo. Mahfoudha angeweza kubaki nchi kavu. Thubutu! Alinyakua fimbo yake ya kuvulia, akaifanya mkongojo, akaingia majini. Alimkamata mumewe kwapani, akamburura hadi juu ya jabali lililosimama katikati. Walipogeuka, njia ya kurudi imeshafunikwa.

"Mguu vipi?"

"Umekwenda."

Akamvua kilemba, akaokota tawi, akaufunga mguu kwa nguvu. Harub akauma meno.

"Maji yamefika wapi?" aliuliza.

"Usitazame chini. Nitazame mie."

Maji yalikuwa yameshawafika miguuni, na jabali halikuwa na pengine pa kupanda. Hapo ukingoni likasimama pikapu, akateremka Badr, mvuvi wa Yiti. Akarusha kamba. Ikaanguka mbali nao. Akarusha tena na tena, wapi! Mwisho akawauliza kwa Kiarabu kama wao wana cha kurusha.

Mahfoudha akaitazama fimbo. Chubwi, lile risasi la kuzamishia ndoana, lilikuwa bado limening'inia kwenye mshipi. Akaibembeza polepole, akaachia kwa upole, kama mumewe alivyomfundisha, maana chambo hai ukikivurumisha kinakufa kabla hakijafika. Chubwi likadondoka hapo hapo karibu.

"We mwanamke!" Harub akafoka. "Usibembeleze! Hapo hakuna samaki!"

"Si wewe uliyenifundisha?"

"Nimekosa! Vurumisha!"

Akavurumisha kwa nguvu zake zote. Chubwi likapita juu ya kichwa cha Badr. Badr akaukamata mshipi, akaufunga kwenye kamba, na Mahfoudha akaanza kuuvuta, huku akiomba Mungu usikatike. Kamba ikaja, nzito, imelowa, mpaka mikononi mwake.

"Tangulia wewe," Harub alisema. "Na mguu huu nitakuzamisha."

"Nani kakuuliza?" Akaizungusha kamba kiunoni mwake, akaizungusha kiunoni mwa mumewe, akakaza fundo moja kwa wote wawili. "Umenichosha mno, Harub, na bado sijakuchoka. Nishike. Bismillahi!"

Wakajitupa. Maji yakawafunika, yakawapindua, yakawagonga mawe mbavuni. Badr, aliyekwisha kufunga ncha ya pili kwenye pikapu, akairudisha nyuma taratibu, kamba ikakaza, wakaburutwa mpaka kwenye changarawe, wakikohoa na kutapika matope.

Badr akalijaribu fundo. Limekaza, halifunguki. Akachomoa kisu.

Harub alikuwa analia, ndevu zimejaa mchanga, wala hakuficha. "Nimekuacha ukingoni kwa ajili ya visamaki," alisema. "Nnakupenda, Mama Balqis. Nami ni mjinga."

"Nnayajua yote mawili."

"Nikate?" Badr akauliza.

Mahfoudha alimgeukia Harub. Akakilaza kichwa kifuani kwa mumewe, akausikiliza moyo wake unavyokwenda mbio.

"Ngoja kwanza, ndugu yangu," akasema. "Usikate bado."