Kipimajoto cha Ukuta wa Jikoni

Kila asubuhi kabla ya shule, Hilary Pocock alitoka nje huku akipiga miayo, akasoma kipimajoto kilichotundikwa kwenye ukuta wa jikoni, akaandika namba daftarini. Miezi mitatu bila kukosa hata siku moja! Mwaka ule wa 1958 kijiji chetu kilivimba kichwa. Baba yake alikuwa fundi katika maabara ya nyuklia iliyokuwa karibu na kijiji, na magazeti yalitangaza kwamba mtambo wao umewasha jua dogo duniani. Muuza nyama alimwita baba huyo Bwana Jua.

Alhamisi moja, rafiki yake Brenda alikuja na kipimajoto kingine, akakitundika kwenye uzio wa bustani. Kilisoma nyuzi sita chini ya kile cha ukutani.

"Chako kinaota moto," Brenda akacheka. "Nyuma ya ukuta huu si ndipo lilipo jiko la makaa la mama yako?"

Hilary alilifunga daftari haraka. Kesho yake angesoma namba zile mbele ya shule nzima.

"Usimwambie mtu, tafadhali."

"Shauri yako."

Jioni baba alirudi uso umemshuka, asiguse chakula.

"Mtambo ulikuwa unatoa chembe," alisema kwa uchovu. "Tukadhani zinatokana na joto, kama kwenye jua. Kama ingekuwa hivyo, zingekuwa na kasi ileile kila upande. Tumezipima mbele, tukazipima nyuma, zimetofautiana. Ni umeme tu uliokuwa unazisukuma; jua hatujaliwasha."

"Si mnyamaze tu?" mama akauliza.

"Hapana. Tutatangaza."

Hilary aliweka daftari mezani, akaeleza yote huku machozi yakimtoka. Baba alicheka, kicheko kisicho na nguvu.

"Kumbe tuko wawili, mwanangu."

Kesho yake Hilary alisimama mbele ya shule, akasema ukweli.

"Bwana Jua na Binti Jiko!" mtu akapiga kelele nyuma. Hilary alitamani ardhi immeze.

"Kimya!" Mwalimu Allardyce alikemea. "Hilary, usifute namba hizo. Andika juu yake kwamba ni za ukuta wa jiko, kisha uanze upya kwenye uzio. Nanyi mnaocheka, sikilizeni. Ukipima kitu, kipime na upande usiopenda kuuona. Ukikuta umekosea, sema mapema, kabla wenzako hawajategemea kosa lako."

Jumamosi Hilary na baba walikwenda kwenye uzio, wote wawili wamechoka. Baba alishika daftari, Hilary akasoma namba.

"Siku ya kwanza," baba akasema huku akiandika.

"Na nyinyi kule maabara?" Hilary akauliza.

"Na sisi pia."