Msikilizaji wa Kwanza

Jumamosi ile saluni ilifurika hadi mlangoni. Kijana mmoja aliyemsindikiza dada yake kusuka alibanwa kwenye kona, shati amelifunga vifungo kombo, akiwasomea wanawake hadithi yake ya majambazi. Msusi akapiga mwayo mrefu, wala hakuuficha.

"Kaka, ukurasa mmoja maiti tisa! Tumlilie yupi? Niulie mmoja tu, lakini kwanza nimpende."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Kijana akaondoka na aibu zake, na Jumamosi iliyofuata akarudi na maiti mmoja. Ikawa ndio mtindo: yeye anasoma, msusi anasuka, na popote mwayo unapotoka, kalamu inafuta. Mabomu yakatoka, helikopta zikatoka, wakabaki watu na hofu zao. Kati ya msusi na kijana, mapenzi nayo yakaingia bila hodi. Haukupita muda, vitabu vyake vikawa vinauzwa kama njugu, na kila kimoja msusi ndiye aliyekisikia kwanza. Hilo alijivunia kuliko zawadi yoyote.

Lakini kitabu kipya hakusomewa hata sura moja. "Bado kibichi, mpenzi," ndilo jibu alilopata kila akiuliza. Wivu ukaanza kumtafuna.

Mchana mmoja, akitoka kununua rasta, akamwona mwandishi wake kupitia kioo cha duka la keki. Karatasi mkononi, anamsomea mwenye duka, mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Keki, blauzi nyekundu imemkaa, unga shavuni. Msusi akapiga simu palepale.

"Uko wapi, roho yangu?"

"Nyumbani, mamii. Naandika."

"Haya. Usichoke, baba."

Akakata, akausukuma mlango.

"Kumbe umehama nyumba hata kuniaga hukuniaga!"

Mwandishi akaruka, karatasi zikamwagika sakafuni. "Laazizi, ngoja nikueleze..."

"Laazizi mwite huyo! Nikufundishe kuua mimi, akasomewe mwingine?"

Keki akainua mikono. "Dada, mchukue, tafadhali! Nimemwambia sura zote tatu zimelala. Haondoki."

Msusi akamgeukia mwandishi. "Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu hanipendi," mwandishi akajibu, macho chini. "Wewe siku hizi nikisoma unanitazama mdomo tu. Kila kitu kizuri, kila kitu kitamu. Kile kitabu cha mwisho watu walinunua jina langu. Mimi nilijua kimepwaya, nikaogopa kukwambia."

Neno hilo lilimchoma msusi, maana lilikuwa kweli. Alikuwa akisikia sauti, hadithi inampita. Hata hivyo wivu haukushuka hata kidogo.

"Ungeniambia mimi. Uongo wa nini?"

"Nimekosa. Nataka kukuoa, nawe nataka unikosoe kama zamani. Vyote viwili. Vinawezekana?"

"Nikishakuwa mkeo utakoma mwenyewe. Soma!"

Akasoma amesimama, katikati ya keki. Msusi akafumba macho ili asimwone.

"Basi, inatosha. Huyo muuaji wako humjui hata wewe. Mfanye mwanamke. Ana mchumba, na wivu umempanda kichwani."

Mwandishi akaandika mbiombio, uso umemng'aa. "Hapo sawa! Na anayeuawa?"

Msusi akafumbua macho, akamtazama mwenye duka kuanzia kwenye unga wa shavu mpaka viatu.

"Muuza keki," akasema. "Tena afe mapema."