Skrini ya Kamanthe

Siku ya mwisho ya kupeleka ritani za kodi, saiba ya Mzee Mwanzia, duka la kompyuta na uchapishaji mjini Machakos, ilijaa watu mpaka mlangoni. Wathome aliingia kuchapisha karatasi moja tu. Alivaa shati la kitani na viatu vyeupe vya mtu asiyetembea sana. Kazi yake ilikuwa kupanga sura za programu za kompyuta: kitufe kikae wapi, nini kionekane, nini kifichwe.

Kwenye kaunta alikaa msichana wa sweta ya kijani, kalamu kaichomeka kwenye nywele, akichapa bila kugusa maus. Skrini yake ilijaa faili ukingo hadi ukingo.

"Dada, hapo kweli unapata kitu?" Wathome akauliza.

"Sema unataka nini, uone kama sitapata."

"Mgeni akikaa hapo atapotea."

"Mgeni hakai hapa. Nakaa mimi."

Kesho yake Wathome alirudi bila karatasi ya kuchapisha. Ndivyo walivyoanza, yeye na Kamanthe, yule msichana wa kaunta. Jioni walipigiana simu, akimtania kwamba skrini yake ni kama soko la Jumatatu, naye akimjibu kwamba sokoni angalau mtu anaona nyanya ziko wapi. Kamanthe alimweleza mpangilio wake. Kazi yake kubwa ilikuwa programu za mazishi, vile vijitabu vya historia ya marehemu, na faili alizipanga jinsi nchi ilivyokaa: Kangundo juu, Kithimani kulia, Kivaa kwenye pembe ya mbali. Iliyokamilika aliisukuma ukingoni kabisa. Majina hakuyajali, nyingi ziliitwa "mzee".

Septemba Kamanthe aliuguliwa na mamake, akaenda kumuuguza wiki moja. Peris aliyeshika zamu yake hakupata faili hata moja, akampigia Wathome. Wathome akaona nafasi ya kumpa mpenzi wake zawadi. Akakusanya faili zote, akazitia kwenye folda kwa majina na miaka. Skrini ikabaki tupu, safi. Peris akafanya kazi vizuri, hilo halina ubishi.

Kamanthe alirudi Alhamisi. Familia moja ya Kivaa ilikuwa inangoja nakala mia mbili. Akafungua folda, akakuta "mzee" wawili wa Kivaa, rasimu na iliyokamilika, wamekaa pamoja, ukingo wa kumwonyesha ipi ni ipi haupo tena. Akachapisha wa kwanza, kumbe ni rasimu. Jumamosi, mbele ya waombolezaji, ikasomwa kwamba marehemu ameacha mke mmoja na watoto watano. Mke wa pili, Mukai, alikuwa ameketi hapo na wanawe watatu.

"Nilitaka kukurahisishia, mpenzi," Wathome alisema kwenye simu.

"Uliniona nikihangaika?"

Akaanza kumtaja Peris.

"Unajua kupangia watu," Kamanthe akasema. "Kuwauliza ndiyo hujui." Akakata. Wiki tatu hakushika simu za Wathome.

Wathome akaenda Kivaa kuomba msamaha. Mukai alimpa chai, akamsikiliza mpaka mwisho bila kubadilisha uso.

"Yule msichana alikuja hapa Jumatatu baada ya mazishi," akasema. "Alisema kosa ni lake. Wewe hakukutaja."

Wathome hakuimaliza ile chai.

Kesho yake aliingia saiba, akamwomba Kamanthe ruhusa ya kukaa nyuma yake tu, atazame. Kamanthe akamwonyesha benchi kwa kidevu. Alikaa hapo kutwa, mikono magotini. Aliona vidole vikienda vyenyewe kwenye pembe, jicho lisitafute. Aliona pia Peris akikwama, akiita "Kamanthe" kila dakika kumi.

Jioni Kamanthe akasema, bila kugeuka, "Peris pia ana haki yake. Katikati umwekee folda zenye majina ya kueleweka. Kingo ziache."

"Hizo folda ziwe ngapi?"

"Nne. Zikizidi atapotea."

Wathome akaziweka nne. Kisha akabaki amesimama hapo.

"Kuna jambo lingine," akasema. "Kwetu wanataka kuleta mbuzi wa ntheo kwenu, wakupose. Mjomba alishataja tarehe, nikamwambia angoje. Nilikuwa sijakuuliza kama unataka. Wala kama unanitaka."

Kamanthe akamaliza mstari aliokuwa akichapa, akahifadhi, ndipo akageuza kiti.

"Desemba," akasema. "Na isiwe Jumamosi. Jumamosi huku kila mtu ako mazishini."