Kumi na Saba Kati ya Arobaini

—Kumi na saba? Soma tena, mke wangu. Labda ni thelathini na saba.

—Ni kumi na saba, Babu. Kati ya arobaini.

Mke wangu huyo ni mjukuu wangu, msinielewe vibaya, babu na mjukuu wa kike utani wao ndio huo. Ni nesi wa wodi ya watoto. Alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, yunifomu hajavua, simu kaishika kwa mikono miwili kama kifaranga kilichokufa. Pembeni yake kapiga magoti mchumba wake. Tunamwita Mwalimu kwa sababu ndiyo kazi yake, anafundisha Kiingereza sekondari.

—Pole, mpenzi. Mtihani wenyewe wa mitego. Hata mimi ningekosa.

—Mara ya kwanza nilipata thelathini na moja, Mwalimu. Kabla hujanifundisha. Zilibaki tatu tu nipite.

—Siku ile ulibahatisha.

—Thelathini na moja nimebahatisha?

Mwalimu akakohoa. Mimi nilikuwa natia gundi soli ya kiatu, nikazidi kuinamisha kichwa.

Niwaeleze kidogo, maana mimi nikianza jambo huzunguka kwanza. Kuna hospitali kubwa ng'ambo, ya mioyo ya watoto, ilimtaka binti huyu. Miaka miwili akajifunze, kisha arudi. Lakini kwanza apite jaribio la sarufi ya Kiingereza, maswali arobaini, unachagua A, B, C au D. Unaruhusiwa kulifanya mara mbili tu. Ukikosa ya pili, basi tena, kaa kwenu. Alipokosa ya kwanza, Mwalimu akasema, "Mimi nipo, wewe unahangaika nini?" Kila Jumapili mchana, miezi mitatu, akawa anakuja na maswali kwenye simu yake. Binti anayanakili na kuyajibu kwenye daftari, Mwalimu anasahihisha kwa kalamu nyekundu. Vema hapa, eksi pale, wanacheka, wananisahau na viatu vyangu. Nikasema moyoni, hawa wamependana mpaka mtu unaona aibu kuwatazama.

Sasa binti akainuka, akalitoa lile daftari, akaanza kuzipiga picha kurasa.

—Unafanya nini?

—Namtumia matroni wetu wa wodini. Nataka kujua nilipokosea.

—Si nikuonyeshe mimi?

—Wewe umeshanionyesha sana.

Tukakaa. Hakuna aliyegusa chai. Simu ilipolia, akaweka sauti kubwa. Matroni ni mama mkavu, hana salamu.

—We binti, nani kasahihisha daftari hili?

—Kwa nini, matroni?

—Ulipopatia kakuchapa eksi, ulipokosea kakuandikia vema! Kurasa zote! Hata mlevi angepatia moja mbili kwa bahati. Huyu alijua anachofanya.

Binti akakata simu.

—Mwalimu. Ulikuwa unajua?

—Nilikupenda.

—Sikukuuliza hilo.

—Ungeenda usirudi! Nani anarudi? Kaka yangu alikwenda kwa mwaka mmoja, leo ni wa tisa, mkewe anamwona kwenye simu kama mtangazaji wa habari! Tumebakiza wiki tatu tuoane, na wewe unanunua sanduku!

—Ungeniambia nisiende.

—Ungebaki?

Binti akafikiri. Namjua, hajibu kwa haraka.

—Sijui. Lakini ningekuwa nimeulizwa. Kila Jumapili unanishika mkono, unaniambia, "Vema, mpenzi, unapanda." Nami nakwenda wodini nakariri makosa yako. Nasukuma vitanda vya watoto wa watu huku nakariri makosa yako, Mwalimu!

—Nisamehe.

—Toka.

—Mpenzi...

—Toka, kabla sijakuvunjia heshima mbele ya Babu.

Mwalimu akasimama. Pale mlangoni akanigeukia mimi, macho mekundu.

—Babu, sema basi kitu.

—Babu aseme nini? Binti akauliza.

Mwalimu akatoka, shati limechomoka nyuma. Nikabaki mimi na gundi vidoleni, na yeye kasimama juu yangu.

—Babu. Ulijua?

Ningeweza kukana. Mzee niliyeishia darasa la tatu, nani angenishuku? Lakini mtoto huyu nimemlea tangu ananyonya kidole, uongo wangu anaujua hata kwa kunisikia nikipumua.

—Siku ile ya mvua, ulipokimbia kuanua nguo. Simu yake ilionyesha jibu ni B, nawe uliandika B, yeye akakuchapa eksi. Herufi nazijua. Nikamuuliza. Akaniambia, "Babu, akienda, ukianguka bafuni nani atakuinua?"

—Ukamjibu nini?

—Nikaendelea na kiatu.



—Yeye namwacha leo hii. Wewe nikuacheje, Babu?

Pete ilirudishwa kesho yake. Mwalimu akaanza kutuma ujumbe, asubuhi, mchana, jioni. Mmoja alinisomea bila kubadili sauti, kama anasoma cheti cha dawa: "Nimewaandikia wenye mtihani nikakiri kosa ni langu peke yangu. Nimewaomba wakupe nafasi ya tatu. Nakupenda bado." Na kweli aliwaandikia. Walijibu mstari mmoja tu, kwamba utaratibu ni mara mbili.

Jumamosi ambayo ingekuwa ya harusi, alikuja. Kavaa suti ile ile aliyoshonewa, kakonda, kola inacheza shingoni.

—Yupo, Babu?

—Yupo ndani. Kasema nikwambie hayupo.

—Niombee msamaha kwake. Wewe ni mzazi, atakusikia.

—Mwanangu, na mimi nani aniombee?

Tukasimama pale, wanaume wawili tuliompenda binti mmoja, hakuna wa kumkaribisha mwenzake ndani. Mwisho akanipa mkono, akaenda zake.

Binti amebaki, kama tulivyotaka. Mashati yangu yamefuliwa, dawa napewa kwa saa yake, shikamoo sikosi. Jana aliporudi kutoka kazini nikasema leo nijaribu.

—Umekula, mjukuu wangu?

—Nimekula wodini.

—Watoto wanaendeleaje?

—Mmoja amefariki. Moyo.

—Pole, mama. Kaa basi hapa unieleze.

—Sina la kueleza, Babu.

Akachukua sahani yangu, akaiosha, akaifuta, akaipanga mahali pake. Kisha akaingia chumbani akafunga mlango polepole. Laiti angeubamiza.